Ramli Haitaji Jina

Kwa Kiingereza neno ni moja, nalo linabeba kila kitu: sungura anayetolewa kwenye kofia, fimbo ya mzee mwenye ndevu nyeupe kwenye filamu, na laana ya kumuua mtu. Kiswahili hakikubali kirahisi hivyo. Tuna mazingaombwe, ya yule mtu aliyekuja shule ya msingi akameza wembe mbele yetu kwa kiingilio cha shilingi mia mbili. Tuna uganga. Tuna sihiri, inayotajwa zaidi Pwani. Tuna ulozi. Halafu tuna uchawi. Mazingaombwe unaweza kuyazungumza watoto wakisikia. Uchawi, ukiuweka kwenye sentensi moja na jina la mtu wa mtaani kwenu, umeanzisha kesi.

Niliyapanga maneno haya kwenye daftari mwaka jana. Hayakuwa ya tasnifu yangu ya uzamili, ingawa msimamizi wangu angefurahi. Yalikuwa ya mchezo.

Jumamosi mchana, watu watano tunakutana kwenye chumba changu cha kupanga hapa Dar es Salaam. Tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo uliochapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, nakala 1,000 za kwanza zikiwa vijitabu vitatu ndani ya boksi. Kwa asiyeujua: mtu mmoja anaongoza hadithi, na huyo ni mimi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake. Mimi nasema, "Mmefika kwenye mto, daraja limevunjika." Wao wanasema watafanya nini. Panapokuwa na mashaka, tunarusha dadu ya pande ishirini. Hakuna mshindi. Hadithi inaendelea wiki hadi wiki, na hadithi ndefu ya namna hiyo inaitwa kampeni. Jirani yangu, aliyelisikia neno hilo kupitia dirishani, alishaniuliza ni ya chama gani.

Kampeni yetu ilianza kwenye mji wa bandari, kwenye pwani ya kubuni inayofanana na Kilwa ya zamani: majahazi, nyumba za mawe, wafanyabiashara wasioaminiana. Kuna mpiga upinde, kuna mdokozi, kuna kuhani, na kuna mtu ambaye vitabu vya Kiingereza vinamwita kwa jina ambalo, ukilitafsiri moja kwa moja, linakuwa mchawi. Mchezaji wake alikataa siku ya kwanza. "Mimi mchawi? Mama akisikia je?" Tukamwita mwanazuoni, kwa sababu nguvu zake zinatoka vitabuni.

Nguvu hizo zina kanuni zake. Gygax alizichukua kwenye hadithi za Jack Vance, hasa kitabu chake cha mwaka 1950, The Dying Earth, ambamo mtu anakariri maneno ya nguvu na akishayatamka yanafutika kichwani mpaka ayakariri upya. Mchezo umebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini mifupa ni ileile: una nafasi kadhaa kwa siku, ukizitumia zimekwisha, ulale. Mwanazuoni wa kiwango cha tano ana nafasi tisa. Kwenye kiwango hicho ndipo anapoweza kupata mpira wa moto, unaorushiwa dadu nane za pande sita kwa wakati mmoja. Rafiki yetu alicheza miezi kumi na minne kuufikia. Siku alipourusha mara ya kwanza tulipiga kelele mpaka mwenye nyumba akagonga mlango.

Ni uchawi wa mtihani. Unasoma, unakariri, unamwaga, unasahau, unalala. Mtu yeyote aliyepitia shule zetu anauelewa bila maelezo.

Shida ilianza wahusika walipoondoka bandarini kwenda bara. Kule nilikuwa nimechora vijiji, na vijijini hakuna vitabu. Nani anatibu watu huko? Nani analinda mazizi? Nikisema hakuna mtu, nimesema watu wa bara hawajui kitu mpaka mwanazuoni afike na begi lake, na hadithi ya namna hiyo tumeshaisoma ya kutosha. Nikisema wanatumia nafasi tisa kwa siku kama yeye, nimewavalisha suti ya kuazima. Nilihitaji mfumo mwingine kabisa, tena katikati ya safari, wakati watu wameshazoea ule wa kwanza.

Kubadilisha kanuni za nguvu ndani ya dunia ambayo watu tayari wanaishi ni jambo ambalo hata wachapishaji huliendea kwa kishindo. Mchezo huu una dunia mashuhuri iitwayo Forgotten Realms. Toleo la pili la kanuni lilipotoka mwaka 1989, mabadiliko yalielezwa kwa kumuua mungu wa kike wa uchawi na kumpa mwingine kiti chake. Toleo la nne lilipotoka mwaka 2008, wakamuua tena, na dunia nzima ikachafuka. Toleo la tano la mwaka 2014 likamrudisha. Mimi sikutaka kuua mtu. Vijiji vilikuwepo muda wote, ni sisi tu tulikuwa hatujavifikia.

Nilichokiweka nilikiita masharti. Ndilo neno lenyewe. Hakuna anayesema mganga alimwandikia dozi. Tunasema alimpa masharti. Katika mfumo huu dawa haina nafasi za kuhesabu kwa siku. Ukishaipata, inafanya kazi usiku na mchana, na bei yake ni kitu ambacho hutakifanya tena maisha yako yote. Dawa ya kuona gizani: usile samaki asiye na magamba. Dawa ya safari, inayoondoa uchovu: ukishaaga, usigeuke nyuma. Zindiko la nyumba, linalomzuia mwenye nia mbaya kuvuka kizingiti usiku: usimnyime mgeni chakula. Hakuna hata moja niliyoichukua kwa mganga halisi. Nilizitunga zote nikiwa nimekaa kitandani, kwa sababu mkoba wa mtu una mrithi wake, na mrithi huyo si mimi.

Kabla ya kuuingiza mfumo, nilichapa karatasi mbili, nikatoa nakala tano kwa shilingi mia kwa ukurasa, nikazigawa mezani. Mstari wa mwisho uliandikwa "Ramli", na mbele yake niliacha wazi. Nikawaambia tuujaze pamoja.

Pingamizi la kwanza lilitoka kwa mwanazuoni, nalo lilikuwa la haki. "Kaka mkubwa, mimi nimekariri miezi kumi na minne. Sasa mkulima anapewa dawa asubuhi, jioni anaona gizani?" Anayejua maumivu ya kusoma chini ya utaratibu mmoja kisha kuona wadogo zako wakiingia kwenye mwingine hawezi kumcheka. Nilimjibu kwa kanuni mbili. Ya kwanza: mfumo mpya haufanyi hata kitu kimoja ambacho wa zamani unakifanya. Hakuna dawa ya mpira wa moto. Ya pili: bei hazilingani. Yeye analipa kwa siku yake na kesho anaamka amerejeshewa. Mwenye dawa analipa kwa mwenendo wake, na hakirudi kitu. Aliisoma karatasi mara mbili, akakubali kwa sharti lake mwenyewe: kila sharti liandikwe kwenye karatasi ya mhusika kwa maneno yasiyopindika, na likivunjwa meza nzima ione.

Sharti hilo la mwanazuoni lina uzito kuliko alivyolitamka. Historia yetu ina mfano mkubwa wa nguvu mpya iliyoingizwa kati ya watu waliokuwa tayari katikati ya mapambano. Mwaka 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Watu wa lugha na koo mbalimbali za kusini waliyapokea, na pamoja nayo wakapokea masharti. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro mwezi Agosti mwaka huohuo, lakini vita viliendelea mpaka 1907. Risasi zilipoua, kulikuwa na maelezo tayari: aliyekufa alivunja sharti. Ukiyafuata maelezo hayo huoni mlango wa kutokea. Dawa isipofanya kazi, kosa ni la marehemu, na marehemu hawezi kuulizwa. Mezani kwetu hatukutaka marehemu wa namna hiyo. Sharti lako unalijua, limeandikwa, na hakuna atakayekuzulia lingine baada ya kuanguka.

Pingamizi la pili lilitoka kwa mchezaji wa kuhani. Yeye ni mtulivu, hucheza kwa maneno machache, na siku hiyo alikuwa ameweka kidole kwenye mstari ule ulioachwa wazi.

"Hii ramli," alisema, "itakuwa inasema kweli?"

Nikamwambia hilo ndilo la kuamua. Kwenye kanuni za kawaida za mchezo, vyombo vya kujua kwa kawaida husema kweli. Kuna uwezo wa kiwango cha kwanza wa kugundua uchawi: kwa dakika kumi, ndani ya futi thelathini, yaani kama mita tisa, unaona mng'ao hafifu kwenye kila mtu au kitu chenye nguvu. Kwa kawaida haukosei. Kanuni imesema.

"Basi ngoja niwaambie kitu," alisema.

Bibi yake mzaa mama aliishi kijijini, Kanda ya Ziwa. Mtoto wa jirani aliugua homa, akafa. Watu walikwenda kupiga ramli. Ramli ikamtaja mama mzee mwenye macho mekundu, na wazee wenye macho mekundu hawakosekani mahali ambapo watu wamepikia kuni maisha yao yote. Hakuna aliyemgusa. Hakuna aliyemshtaki. Ila kuanzia siku hiyo hakuna aliyenunua maziwa yake, na usiku mmoja mawe yalitua kwenye bati. Wajomba walikuja na gari alfajiri wakamchukua. Mbuzi walibaki. Alikaa mjini kwa binti yake miaka sita, hakuzoea choo cha ndani, akafia huko.

"Ukiweka ramli inayosema kweli," alisema, "umetengeneza dunia ambayo wale watu walikuwa sahihi. Labda siyo kwa bibi yangu. Lakini ni dunia ambayo mtu akienda kuuliza nani kamroga mtoto, jibu lipo, na linapatikana kwa kurusha dadu. Mimi sitaki kukaa humo kila Jumamosi."

Mdokozi, ambaye kwa kawaida ana utani wa kila kitu, hakuwa nao. Nje muuza mihogo alipita akigonga kisu kwenye beseni.

Nimelifikiria jambo hilo sana tangu siku ile. Mchezo wenyewe uliwahi kunyooshewa kidole. Marekani, mwaka 1983, Patricia Pulling alianzisha chama cha kuupinga, akiamini unawaingiza vijana kwenye ushetani, na kelele za miaka ile zilikuwa kubwa kiasi kwamba toleo la mwaka 1989 liliondoa majina ya mashetani kabisa. Wapenzi wa mchezo wanakisimulia kisa hicho kama kichekesho, na wana haki, kwa sababu kilichoshtakiwa kilikuwa kitabu. Kwetu Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya wakati wa Waingereza, imedumu hata baada ya uhuru, na mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wasio na vibali baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Maneno "ramli chonganishi" yanatamkwa kwenye taarifa ya habari kama vile bei ya mafuta. Hapa hakishtakiwi kitabu. Anashtakiwa mtu, na mara nyingi ni bibi wa mtu.

Kwa hiyo ukija na mfumo mpya wa nguvu, swali la kwanza ambalo vitabu vya waongozaji vinakufundisha kuuliza, yaani una nguvu kiasi gani, si la kwanza. La kwanza ni hili: katika dunia hii, nani anaweza kumnyooshea mwenzake kidole, na kidole hicho kina uhakika gani? Mpira wa moto unaunguza waliomo ndani ya duara lake, basi. Chombo cha kujua kinabadilisha kila mtu duniani, hata asiyekitumia, kwa sababu kila mmoja anaishi akijua kinaweza kuelekezwa kwake.

Tuliujaza mstari ule kwa pamoja. Ramli hujibu "nini" na "wapi". Hujibu "lini" kwa gharama kubwa. Haijibu "nani". Kuhani mwenyewe ndiye aliyeandika, kwa herufi kubwa: RAMLI HAITAJI JINA.

Mfumo ukaingia. Niliuleta polepole: kwanza kwa mzee mmoja aliyewapokea wahusika kijijini, ambaye kila akiaga mtu hakugeuka nyuma, wakadhani ana kiburi. Kikao cha tatu ndipo mpiga upinde alipoomba zindiko la nyumba waliyokuwa wamepanga. Kikao cha nne, adui wao wa tangu bandarini alifika mlangoni saa sita mchana, mikono mitupu, akasema ana njaa. Mwanazuoni alikuwa na mpira wa moto tayari. Mpiga upinde akasimama kati yao. "Akinyimwa, zindiko limekufa na usiku watu wake wanaingia." Wakampikia ugali. Dakika arobaini za kikao zilikuwa mazungumzo ya watu wanaochukiana wakila sahani moja, na hakuna dadu iliyorushwa. Sijawahi kuongoza kikao bora kuliko hicho. Mwanazuoni alikiri njiani kuelekea kituo cha daladala kwamba amesahau kuona wivu.

Lakini mfumo wa zamani ulikuwa bado mezani, na mifumo miwili lazima ikutane. Ule uwezo wa kugundua wa mwanazuoni ungeona nini ukielekezwa kwa mtu mwenye dawa? Ungekuwa kipofu? Basi nimemnyang'anya kitu alichokilipia. Ungeona kila kitu? Basi ramli niliyoifunga mlangoni imeingia kwa dirisha.

Jibu lilikuja kwenye kikao cha sita. Mtoto anaumwa kijijini. Watu wamekusanyika kwa mama mmoja mzee anayeishi pembeni. Sikulileta jambo hilo kwa kushtukiza. Wiki moja kabla nilikuwa nimempigia simu kuhani nikamwuliza kama yuko tayari, akasema lete, ila nataka niwepo. Wanakijiji walishapiga ramli. Ramli iliwaambia homa imetoka kisimani. Hawakuridhika. Kisima hakifukuziki. Wakamgeukia mwanazuoni: wewe una macho ya kitabuni, tuangalizie huyu mama.

Mwanazuoni aliniangalia. Alikuwa na nafasi imebaki. Alisema anatazama.

Nikamwambia: unamwona mama mzee anang'aa. Hafifu, kama kaa la moto chini ya majivu. Wanakijiji wanaona uso wako, wanaanza kunong'ona. Na mlango ulio nyuma yake unang'aa. Na mtoto anayeumwa, kwenye shingo. Na baba wa mtoto. Na mwenyekiti wa kijiji, sana, kiunoni. Na zizi. Na yule kijana aliyeshika jiwe.

Kila mtu kijijini alikuwa na dawa. Ya kulinda nyumba, ya kuvuka mto, ya kumlinda mtoto asiote ndoto mbaya. Uwezo wa mwanazuoni haukukosea hata kidogo. Ulisema kweli tupu: hapa kuna watu wanaoogopa, na kila mmoja amejikinga anavyojua.

Mwanazuoni alikaa kimya kidogo, kisha akawaambia wanakijiji alichokiona, jina kwa jina, akianza na mwenyekiti. Kuhani yeye hakusema neno. Alichukua kifaa kidogo kinachowakilisha mhusika wake, kizibo cha soda tulichokipaka rangi, akakisogeza kwenye ramani mpaka kwenye kizingiti cha mama mzee, akakiacha hapo. Tulikaa kijijini humo vikao vingine vitatu, tukichimba kisima kipya. Mtoto alipona. Nusu ya kijiji bado hawanunui maziwa kwa yule mama, kwa sababu niliulizwa kama wananunua, nikarusha dadu, na dadu ikasema hivyo.

Sasa kuna kundi jingine, la wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao wameomba karatasi zetu mbili za masharti. Wanataka hadithi ya upelelezi, na swali lao la kwanza lilikuwa kama wanaweza kuifuta ile kanuni ya herufi kubwa, kwa maana upelelezi bila "nani" hauna utamu. Niliwaambia meza ni yao na karatasi ni yao. Niliwaomba kitu kimoja tu: waizungushe kwanza mstari huo ukiwa wazi, na wamsubiri yule anayeongea kidogo kuliko wote.